Niambie Ubaya Wake Kwanza

Ukitaka kumuudhi Mwenyekiti, msifie kitu. Mwambie koti hili ni zuri, mgahawa ule wanapika vizuri, kijana yule ana tabia njema. Atakutazama juu ya miwani yake, atangoja umalize, halafu atasema neno lake lile lile: "Sawa. Sasa niambie ubaya wake." Na usipokuwa na ubaya wa kumwambia, hatakuamini tena mpaka jioni.

Nimemfanyia kazi ya ukalimani kwa miaka mingi hapa Guangzhou, na sijui ni mara ngapi nimelitafsiri swali hilo kwa Kichina. Wenye maduka ya makoti kule Guangyuan Xilu wanamjua. Akitokea mlangoni wanaanza kuguna kabla hajafungua mdomo. Mfanyabiashara mwingine huuliza bei, huomba apunguziwe, hulipa, akaenda zake. Mwenyekiti huanza na zipu. Huipandisha na kuishusha, huipandisha na kuishusha, huku ametega sikio. Kisha huligeuza koti ndani nje, huvuta uzi mmoja wa mshono, hunusa kwapa la koti ambalo halijawahi kuvaliwa na mtu yeyote. Ndipo hunigeukia mimi.

"Muulize laoban, ubaya wake nini?"

Laoban ni bosi, na hapa kila mwenye duka ni laoban, hata anayeuza vifungo. Laoban anajibu, "Meiyou, meiyou," hakuna, hakuna ubaya wowote. Mwenyekiti anarudisha koti kwenye kiango na kutoka. Kesho tunarudi. Kesho kutwa tunarudi. Mwishowe laoban, kwa kuchoka tu, anakiri kwamba rangi hii nyeusi huchuja kidogo ikifuliwa kwa maji ya moto. Hapo Mwenyekiti anatabasamu, anavuta kiti, anaagiza chai, na kununua mzigo wote.

"Huyu anaijua bidhaa yake," ananiambia tukiwa njiani kurudi. "Wale wengine wanauza wasichokijua."

Siwezi kukana kwamba njia hiyo imemfaa. Makoti yake mazito wanayavaa waendesha bodaboda kuanzia Njombe na Makambako mpaka Mbeya, watu wanaotoka alfajiri kwenye ukungu, na sijasikia hata mmoja akilalamikia zipu. Ubaya wa njia hiyo, maana na mimi nimeshaambukizwa, ni kwamba aliitumia kwa kila kitu. Aliitumia kwa ndizi za sokoni. Aliitumia kwa wachumba wa watoto wa watu. Na miaka yote niliyomjua aliitumia kuchagua mahali pa kumpeleka mke wake kuona theluji.

Nieleze vizuri. Kila inapokaribia Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina, mji huu hufungwa. Viwanda huzimwa, wafanyakazi hupanda treni kurudi makwao, maduka ya jumla hufungwa na minyororo, na kwa wiki kadhaa Mwafrika wa hapa hana cha kununua wala cha kupakia. Wengi hurudi nyumbani. Mwenyekiti, ambaye mke wake ndiye anayesimamia duka lao la Kariakoo, aliamua zamani kwamba hizo ndizo zitakuwa wiki zao wawili. Wangekutana Ulaya, kwenye mahoteli ya milimani, kule watu wanakokwenda majira ya baridi kuteleza juu ya theluji wakiwa na mbao miguuni.

"Mke wangu ameuza makoti ya baridi maisha yake yote ndani ya joto la Kariakoo," aliniambia siku aliyonipa kazi ya kutafuta. "Lazima aone yanafanya kazi gani."

Nililipenda wazo hilo. Nilikuwa mgeni kwake na nilidhani tutamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Majina ya milima alikuwa nayo tayari, na aliyapata mahali ambapo mtu mwingine asingefikiria kutafuta. Kabla ya kuja China alikuwa muuza mitumba pale soko la Karume, na kazi yake ilikuwa makoti. Makoti ya Ulaya yalipotoka kwenye belo, mengi yalikuja na kitiketi cha plastiki au karatasi ngumu kikining'inia kwenye zipu, tiketi ya kupandia viti vya kamba vinavyowapeleka watu juu ya mlima, ambayo mwenyewe alisahau kuibandua. Wenzake walivitupa. Yeye aliviweka. Alivileta mpaka Guangzhou, akavitundika msumarini ofisini kwake mtaa wa Dengfeng, chumba kimoja juu ya duka la mbadilisha fedha, na siku ile alivishusha vyote akavimwaga mezani mbele yangu.

"Hizi ndizo sehemu," alisema. "Na ubaya wao wote naujua, maana makoti yao yamepita mikononi mwangu."

Ndivyo alivyochagua. Nilipomwonyesha picha za Chamonix, ambayo yeye aliita Chamoniksi mpaka nikachoka kumsahihisha, alitikisa kichwa. Makoti ya kule yalikuja zipu zimekatika. Watu wa pale wana fujo. Nikamtajia Zermatt. Makoti yake mazima kabisa, alisema, hayana hata mkwaruzo. Maana yake hayavaliwi. Maana yake watu wanajifungia ndani. Maana yake baridi imezidi. Val Thorens iko juu mno, na mke wake ana shinikizo la damu. Kitzbühel hakuweza kuitamka, na alisema haendi mahali ambapo akipotea hataweza kumwambia mtu anatafuta wapi. Nikampelekea Bansko, kule Bulgaria, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Akaiangalia bei ile kwa muda mrefu.

"Mbona rahisi hivi?"

"Kwa sababu ni rahisi, Mwenyekiti."

"Kitu hakiwi rahisi bure. Waulize wanaficha nini."

Basi nikaanza kupiga simu. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani ambaye kazi yake iliwahi kuwa kupigia hoteli za Ulaya na kuuliza, kwa Kiingereza cha heshima, ubaya wao ni upi. Wasichana wa mapokezi waliniomba nirudie swali. Wengine walidhani nina malalamiko wakaniunganisha na meneja. Meneja akasema hakuna ubaya wowote, tuna bwawa la maji moto, na Mwenyekiti, aliyekuwa ameinama juu ya simu, akaninong'oneza, "Unasikia? Meiyou, meiyou. Kata."

Mmoja tu alijibu. Alikuwa mzee mwenye hoteli ndogo huko Austria, na nilipomuuliza alifikiri kidogo, kisha akasema ngazi zake ni nyingi na mbwa wa jirani hubweka. Nilifurahi mno. Nilijua huyu ndiye laoban wetu. Mwenyekiti naye alifurahi, akaniambia nimshukuru sana mzee yule, ni muungwana. Halafu akasema hapana.

"Lakini amekiri ubaya wake," nikamwambia.

"Ndiyo. Na mke wangu goti la kulia linamsumbua, na mbwa anawaogopa tangu utoto."

"Mbona koti ukiambiwa ubaya wake unanunua?"

Akakusanya vitiketi vyake taratibu na kuvirudisha msumarini. "Koti baya nalirudisha kwa mwenyewe. Siku mbaya nitamrudishia nani?"

Nikafunga daftari langu kwa kishindo.

Kuna mtu atakayesoma hapa akadhani Mwenyekiti ni bahili au mwoga wa maamuzi. Si kweli, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Nilipofika hapa nilikuwa mwanafunzi wa skolashipu, mtoto wa Soni, Lushoto, niliyeamini naijua baridi. Januari ya Guangzhou haina theluji, lakini nyumba hazina joto, na mvua nyembamba huingia mpaka kwenye mifupa. Nilikaa kwenye mgahawa wa wali pale Dengfeng nikiwa na sweta moja, natetemeka juu ya sahani. Mzee nisiyemjua akainuka kutoka meza ya pili, akatoka, akarudi na koti jipya.

"Vaa. Ubaya wake, kofia yake haitoki."

Hakuniuliza jina. Aliliangalia bega langu mara moja tu, na koti lilinikaa sawasawa. Ninalo mpaka leo. Na mwaka ule mfanyabiashara mmoja kutoka Unguja alipoanguka ghafla sokoni Shahe, kati ya marobota ya nguo, na daktari akasema apasuliwe pale pale au afe, ndugu walikuwa mbali na simu hazipatikani. Mwenyekiti alitia sahihi badala yao. Hakuuliza ubaya wa daktari. Mtu yule yu hai, anauza vitenge, na kila Idi huja kumpa mkono. Ndiyo maana alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Watanzania wa hapa, cheo ambacho kina kazi nyingi na hakina posho, na ambacho hakuna aliyewahi kugombea naye.

Kwa hiyo kwa mgeni na kwa mgonjwa hakusita. Kwa mke wake, kwenye jambo la raha tupu, alisita mpaka ukatamani kulia.

Mwaka mmoja alisema hawezi kununua bila sampuli. Kaskazini ya mji, kule Huadu, kuna ukumbi mkubwa wa theluji ya mashine ndani ya jengo, watu wanateleza humo huku nje watu wamevaa kandambili. Tulikwenda kwa treni ya chini ya ardhi, yeye amevaa koti lake la bodaboda, lile jeusi lenye mistari inayong'aa. Alikataa koti la kukodi. Tulipoingia alichuchumaa mlangoni kabisa, akachota theluji, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama anavyosugua kitambaa, akainusa.

"Hii kopi," akasema.

Mwalimu wa pale, kijana mpole, akamletea mbao za miguuni. Mwenyekiti akaniambia nimuulize ubaya wake. Kijana akasema utaanguka. Mwenyekiti akampenda kijana yule, akamuuliza kwao ni wapi, ameoa, ana watoto wangapi, na hakupanda zile mbao hata kidogo. Muda wetu wote aliutumia kuwasimamisha watoto wa watu na kuwakagua zipu. Mimi nilianguka mara nyingi kwa niaba yake na kurudi nyumbani suruali imelowa.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe, ile ambayo mpaka leo nikipita Dengfeng kuna watu wanaoniinulia nyusi.

Ilikuwa kabla ya Sikukuu ya mwaka jana. Mwenyekiti alikuwa na bidii mpya, alikuwa amebakiza vitiketi vichache tu mezani, na akaona ni wajibu wake kama kiongozi kuwaaga watu. Akaandika kwenye kundi letu la simu, ambamo kuna Watanzania wote wa hapa na nusu ya Kariakoo:

"Ndugu wajumbe, salaam. Kipindi cha Sikukuu sitakuwepo. Nakwenda kuteleza Ulaya. Mkalimani ananitafutia mahali pazuri pasipo na watu wengi. Mwenye shida amwone Katibu."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nakula, nikaacha kula. Kila Mswahili anajua mtu mzima mwenye heshima zake akisema anakwenda kuteleza maana yake ni nini, na hakuna anayefikiria mbao. Kundi lilinyamaza, na kundi lile huwa halinyamazi. Nilipoteremka mtaani, Mkenya anayeuza simu kwenye kona alinisubiri akiwa amekunja mikono.

"Niaje, mkalimani. Nimeskia wewe ndio unampangia mzae mambo yake majuu."

"Ni theluji," nikamwambia. "Anakwenda kuteleza kwenye theluji."

"Sawa tu. Mimi sijasema kitu."

Nilimpandia Mwenyekiti ofisini nikitaka kumrushia vitiketi vyake usoni. Yeye alikuwa ametulia. Aliniambia watu wenye akili chafu ndio watakaoelewa vibaya, na neno ni hilo hilo, Kiswahili hakina jingine. Nikamwambia angeongeza neno "theluji." Akasema ujumbe ungekuwa mrefu.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ililia kabla sijanywa chai. Namba ya Dar es Salaam.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Mume wangu anakwenda kuteleza na nani?"

Nilimweleza. Nilimweleza theluji, mbao, viti vya kamba, vitiketi vya msumarini, simu za hotelini, mbwa wa jirani. Nilimweleza Huadu na suruali yangu. Upande wa pili nikasikia pikipiki za Kariakoo na mtu akiuliza bei ya kitu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka cheko la kupaa juu, linalokatika na kuanza tena, mpaka mteja wake akamuuliza kuna nini, naye akashindwa kumjibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema hatimaye. "Kwa hiyo bado anachagua."

"Bado, mama."

"Mimi bado nasubiri. Nilidhani yeye kasahau." Akavuta pumzi. "Nani alimwambia nataka hoteli nzuri? Mimi nataka baridi, tukae wawili, asiwepo mteja. Wewe kwenu wapi?"

"Soni, mama."

"Wewe wa Soni?" Akaanza kucheka upya. "Alinipeleka huko, tulipooana. Nyumba ya wageni ile ya juu ya soko. Mvua ikanyesha, bati linavuja kila mahali, tukakaa katikati ya kitanda chini ya mwavuli mpaka kukakucha. Sijawahi kucheka vile tena maishani."

Nyumba ile naijua. Kila mtu wa Soni anaijua, na kila mtu anajua bati lake.

Halafu sauti yake ikabadilika. Akasema goti lake halitamngoja mtu, daktari ameshamwambia. Ana mdogo wake muuguzi huko Ujerumani, kila mwaka anamwita, na kila mwaka anamkatalia kwa sababu anamsubiri mumewe. "Mwambie nimesema hivi. Sikukuu hii ya Wachina ikipita hatujakwenda, inayofuata nakwenda mwenyewe. Na mwambie si hasira. Mwambie nazeeka."

Nilimwambia siku ile ile, neno kwa neno. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena.

"Ndiyo maana sitakiwi kukosea," akasema.

Na tulikaribia, nakuapieni. Viza zilitoka, yake na ya mke wake. Tukabaki na sehemu mbili, kisha moja, na hiyo moja ilikuwa ile hoteli ya mzee wa Austria, maana nilimwomba mzee atupe chumba cha chini na akakubali. Tulikaa kwa wakala wa tiketi. Nilikuwa nimeshaandika majina. Mwenyekiti akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hebu mpigie tena. Muulize yule mbwa hufungwa?"

Nikampigia. Huko Austria kulikuwa hakujapambazuka, mzee hakupokea. Tukasubiri. Alipopokea, mchana kwetu, alisema chumba cha chini ameshampa mtu mwingine, na kwamba mbwa alikufa mwezi uliopita. Sikukuu ikaanza, ikaisha, maduka yakafunguliwa. Viza mbili nzuri zililala ndani ya pasipoti mpaka zikapita muda wake.

Siku viza zilipokwisha muda nilimwambia nisichowahi kumwambia mtu wa umri wake. "Mwenyekiti, unanichosha."

"Najua," akasema. "Huo ndio ubaya wangu."

Nilitoka bila kuaga. Baada ya siku chache nilirudi, maana kontena lilikuwa linapakiwa na yeye alikuwa hajui kumwambia laoban maboksi hayajatimia. Hatukuzungumza habari za Ulaya mwaka mzima. Vitiketi vilikaa msumarini. Mke wake alipomwandikia kwamba amepata viza kwa mwaliko wa mdogo wake na anakwenda kabla ya Ramadhani, alinionyesha ujumbe, akaendelea kukagua mshono wa mfuko.

Mwaka huu Ramadhani iliingia pamoja na Sikukuu ya Wachina. Dengfeng ilikuwa imefungwa, taa nyekundu za karatasi zimetundikwa juu ya barabara isiyo na watu, hakuna sauti ya utepe wa kufungia maboksi wala ya mkokoteni. Nilimpelekea tende za kufuturu. Nilimkuta ofisini amevaa koti lake, kapandisha zipu mpaka kidevuni kwa baridi, simu iko mbele yake mezani.

"Kaa," akasema. "Tazama hii."

Ilikuwa video ya mke wake. Nilikuwa sijawahi kumwona. Mwanamke mnene, mtandio umefungwa vizuri, amevaa koti letu la bodaboda, mistari inang'aa kwenye mwanga. Amekaa kwenye kitu kama sahani kubwa ya plastiki juu ya kilima kidogo cha watoto. Mtu anamsukuma. Anateremka, sahani inageuka, anapinduka, analala chali kwenye theluji na kucheka, mkono mmoja umeshika goti. Baada ya video kulikuwa na ujumbe wa sauti. Akaubonyeza.

"Mume wangu, nimeteleza. Nisamehe."

Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama nikajizuia.

"Theluji nyepesi," akasema. "Unaona majani yanavyotokeza? Na pale kushoto pana uzio wa waya. Nimemuuliza mahali panaitwaje, ananijibu hajui, ni kilima cha nyuma ya kwa mdogo wake. Miaka yote hii, mwanangu, amekwenda mahali pasipo na jina."

"Zipu imeshika?"

"Zipu imeshika," akakiri. Akairudisha video mwanzo. "Unajua kwa nini nilikuwa hivi? Nilimpeleka Soni, kwenu, tulipooana. Kondakta wa basi aliniambia kuna nyumba nzuri juu ya soko, nikamwamini, sikuuliza. Inavuja. Nilimkalisha mke wangu chini ya mwavuli usiku mzima. Nikaapa sitachagua tena kitu kwa sifa."

"Yeye alisemaje?"

"Alicheka. Mwanamke wa heshima afanye nini? Alicheka kunisitiri aibu yangu."

Nilihisi hasira ya miaka yote inanipanda, hasira ya simu na vitiketi na suruali iliyolowa, na nikanyoosha mkono nikaibonyeza ile video mwenyewe. Mke wake akateremka, akapinduka, akacheka. Cheko lile lile la kupaa juu, linalokatika na kuanza tena.

"Ndilo hilo, Mwenyekiti? Cheko la Soni?"

Alisikiliza huku ametega sikio. "Ndilo hilo hilo."

"Na hapo anamsitiri nani?"

Akaicheza tena. Akaicheza tena bila kuangalia, akisikiliza tu, uso ameuelekeza dirishani. Macho yake yalilowa na hakuyafuta. Nikamwambia basi yale aliyoniambia mke wake kwenye simu, ya katikati ya kitanda na mwavuli, na kwamba hajawahi kucheka vile tena maishani. Nilimwambia polepole, kama ninavyotafsiri mkataba, ili neno lisipotee.

"Hakuwahi kuniambia," akasema.

"Hukuwahi kumuuliza uzuri wa usiku ule."

Akashusha zipu ya koti, akaipandisha.

"Ile nyumba bado ipo?"

"Ipo."

"Baada ya Idi ni masika kule."

"Masika hasa." Nikaona nimalize mwenyewe kabla hajaniuliza. "Na ubaya wake, Mwenyekiti, bado inavuja."

"Waambie wasilizibe bati mpaka tufike," akasema.

Nikawapigia Soni pale pale, nikiwa nimesimama, kabla hajabadili mawazo.